Huku Kisigino Kwanza, Kwetu Sindano Kwanza

Mkunga alikuja nyumbani siku ya tano, kama utaratibu wa huku England unavyotaka, akamtoboa binti yetu kisigino na kuanza kukamua damu. Kadi ina miduara minne, na kila mmoja sharti ulowe mpaka upande wa pili wa karatasi. Mtoto analia, mkunga anapiga soga za hali ya hewa. Nikauliza: BCG, chanjo ya kifua kikuu, lini? Akajibu, mpaka zipite siku 28.

Nilipandwa na jazba. Yaani mtoto anayestahili BCG huku kwa sababu tu wazazi wake tumetoka kwenye kifua kikuu kingi, ndiye anayewekwa benchi mwezi mzima? Kwetu mtoto hatoki wodini bila kuchomwa. Kwa hilo tunawazidi, na nitalisema popote.

Wanachosubiri ni majibu ya kile kisigino. Tangu Septemba 2021, katika sehemu kubwa ya England, kadi ile inapimwa pia SCID, upungufu mkali wa kinga unaorithiwa. Mtoto mwenye SCID hana seli T, zile zinazoongoza mapambano dhidi ya maradhi. Anazaliwa na afya yake, ananyonya vizuri, kwa sababu kinga aliyopewa na mama bado inambeba. Ikipungua, miezi michache tu mbele, ndipo yanapoanza: fangasi mdomoni wasiosikia dawa, kuharisha, nimonia juu ya nimonia, uzito umegoma. Na BCG ni bakteria hai waliodhoofishwa. Mwenye kinga wanamfundisha kujilinda. Asiye nayo wanamtambaa kutoka kwapani hadi kwenye mifupa. Ndiyo maana huku kisigino kinatangulia.

Kipimo chenyewe kimenifurahisha kwa ujanja wake. Seli T zinapoundwa kwenye tezi ya thaimasi, hukata vipande vya DNA vinavyojikunja kuwa vijiduara. Maabara inatafuta vijiduara hivyo kwenye doa la damu lililokauka. Visipoonekana, au vikiwa vichache mno, mzazi anapigiwa simu. Hakuna haja ya kujua kwanza ni jeni gani imeharibika.

Najua mnachosema. "Amefika Ulaya jana, leo anatufundisha kuzaa." Subirini. Hawa ninaowasema si malaika. Wisconsin kule Marekani walianza kupima SCID watoto wote mwaka 2008, na hadi mwisho wa 2018 majimbo yote 50 yalikuwa yanapima. Uingereza, pamoja na kujivuna kwake na huduma yake ya afya, imekuja kuanza 2021, tena kwa majaribio, si kwa kila mtoto. Kwa hiyo siwaabudu.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu vifaa vipo. Muulizeni muuguzi yeyote wa kliniki kuhusu DBS, kipimo cha doa la damu lililokaushwa kwenye kadi. Mtoto wa mama mwenye VVU anatobolewa kisigino wiki ya sita, damu inadondoshwa kwenye kadi, inakaushwa, inatumwa maabara. Karatasi ni ya aina ileile! Tumeifanya kazi hii kwa miaka mingi, vijijini, kwa mazingira ambayo mkunga wangu wa England angeomba likizo. Kisha majibu yanarudi: hasi. Mama anashukuru Mungu, faili linafungwa, na mtoto anaendelea kukonda na nimonia yake. Mara ngapi umesikia "walimpima wakakuta hana, lakini akafa hivyohivyo"? Kwenye cheti panaandikwa nimonia. Sisemi wote hao walikuwa na SCID. Wengi hawakuwa nayo. Nasema hakuna aliyeangalia.

Halafu atatokea mtu wa takwimu: Marekani wamekuta kama mtoto mmoja kwa kila 58,000, sisi tuna malaria na utapiamlo, tuache anasa. Sawa kaka, ila 58,000 ni hesabu ya Marekani. Pale ndugu wanapooana, idadi inapanda. Yetu utaipataje kama hupimi? Hata selimundu, ugonjwa wetu kabisa huu, huku England kila mtoto anapimwa kwenye kadi hiyohiyo. Hapo nakosa la kusema.

Tena msinisome vibaya nikaonekana napinga chanjo, maana najua taarifa zinavyosafiri kwenye makundi ya WhatsApp. BCG kwetu ibaki palepale, siku ya kuzaliwa. Kuichelewesha mahali penye kifua kikuu kingi kutaua watoto wengi zaidi kwa TB ya ubongo kuliko hao wa SCID tutakaowaokoa. Huku wana nafasi ya kusubiri siku 28. Sisi hatuna.

Swali la haki ni moja: ukishagundua, unamtibu wapi? Tiba ni kupandikizwa uboho, na muda ndiyo kila kitu. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2014 ulionyesha kwamba waliopandikizwa kabla ya kutimiza miezi mitatu na nusu, 94 kati ya 100 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Waliovuka umri huo na kupandikizwa wakiwa na maambukizi mwilini, nusu. Wengi wetu hatuna pa kumpeleka mtoto wala pesa ya kumsafirisha, hilo silibishi. Lakini hata kabla ya uboho yapo ya kufanya: asipewe chanjo nyingine hai, ya rota wala polio ya matone, atengwe na wenye kikohozi, aanzishiwe Septrin, dawa ya kumkinga na maambukizi, ile ile tunayowapa watoto wa akina mama wenye VVU. Na daktari asiye na kipimo cha vijiduara anayo picha kamili ya damu. Limfosaiti za kichanga, yaani seli nyeupe ambazo seli T ni miongoni mwake, zikiwa chini ya 3,000 kwa mikrolita, hiyo si ya kupita nayo hivi hivi. Kipimo hicho kikifanywa kwa mtoto aliyelazwa kwa nimonia, mstari huo unaweza kuwa kwenye karatasi moja na himoglobini, na jicho la daktari wetu huishia kwenye himoglobini.