Raha ya Gofu Lililofunikwa na Msitu

Riwaya za wanaakiolojia wanaopenya msituni kusaka miji iliyomezwa na mizizi zinashtakiwa kwamba humzoesha msomaji kuamini msitu hauna wenyewe, na gofu halipo mpaka mgeni alione. Shtaka lina ushahidi. Mmarekani Hiram Bingham alipofika Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka huko Peru, mwaka 1911, alikuta wakulima wakilima kwenye matuta ya kale, na mtoto wa hapo ndiye aliyemtembeza. Ukutani palikuwa na jina lililoandikwa kwa makaa: Lizárraga, 1902. Mwenyeji alikuwa ametangulia miaka tisa, lakini sifa zikaenda kwa Bingham.

Hilo nalikubali. Ila wanaotaka tuzionee haya riwaya hizi hawajajua utamu wake uko wapi. Hauko kwenye dhahabu. Uko pale panga linapogonga kitu kigumu, kuvu inakwanguliwa, na jiwe linaonekana limechongwa kwa mkono. Papo hapo unataka kujua nani alikaa hapa, alikula nini, kilimwondoa nini. Mwanaakiolojia naye huanzia hapo hapo. Aliyetembea Gede, karibu na Malindi, kati ya visima na msikiti wa mawe ya matumbawe chini ya miti mikubwa, anaijua hamu hiyo.

Tena kuna wakati hamu hiyo ilihitaji kutetewa. Kwa miongo mingi wataalamu wazito walishikilia kuwa udongo wa Amazon ni hafifu mno kulisha mji. Aliyeota miji humo alionekana mtoto. Januari 2024 zikatangazwa habari za bonde la Upano, katika Amazon ya Ecuador. Miale ya leza iliyorushwa kutoka kwenye ndege ilipenya majani, ikaonyesha misingi ya udongo zaidi ya 6,000, barabara zilizonyooka, mashamba na mifereji, vya tangu miaka 2,500 hivi iliyopita. Elfu sita! Mingi ilibeba nyumba, na kila nyumba ilikuwa na jiko lake, watoto wake, ugomvi wake na jirani. Waandishi wengi wa riwaya hizi walikosea kuwatafuta wajenzi ng'ambo na kuwabandikia hazina na laana. Kuhisi kwamba chini ya majani yale paliishi watu wengi, hawakukosea.

Mimi ningeinunua leo riwaya ya Machu Picchu inayoanza 1902, Lizárraga akipanda mlima na kipande cha makaa mfukoni.