Nyumba imesimama kwa mazoea

Jamani naombeni niongee kabla sijapasuka. Mie nilinunua nyumba. Tanga mjini, Ngamiani, zile barabara za namba, ila namba yenyewe siitaji maana mafundi wa mji huu wameshaijua na sitaki waongezeke. Nyumba ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, uani choo, jiko na mwembe. Nimepanga miaka 11 nikahamishwa mara 6, mara mtoto wa mwenye nyumba anaoa anataka chumba, mara mumechelewa kodi siku mbili, nikasema basi, nakopa kazini wakate miaka mitano lakini nife nikiwa kwangu.

Dalali alinipeleka kuiona saa kumi jioni, mwezi wa kwanza. Shika hapo. Mwezi wa kwanza ni kiangazi, tone la mvua hulioni, saa kumi kijua kimepoa na ukuta umepigwa rangi mpya ya krimu mpaka inanukia. Dalali akasema neno moja tu, "bosi, hii nyumba ina upepo." Na kweli, hakudanganya. Unaingilia kwenye bati.

Tuligundua siku ya pili tu. Mwanangu mdogo kajilaza chumba cha nyuma, ananiita baba njoo uone nyota. Saa saba mchana. Naingia naangalia juu, bati lote limetobolewa na kutu, maana chumvi ya bahari hii haina urafiki na mtu, na jua linapita kwenye vitundu vinang'aa kweli kama nyota. Mama yake akasema pazuri. Mie nikanyamaza, nilikuwa napiga hesabu ya masika.

Masika yakaja. Naita fundi bati namwambia panavuja juu ya kitanda. Akacheka, akaniambia maji ya bati hayadondokei pale yalipoingilia, yanatembea kwanza na papi, zile mbao za chini ya bati, kama wageni wanaotafuta nyumba ya harusi halafu ndo yanaamua yashukie wapi, kwa hiyo tundu la kitandani inawezekana lipo jikoni huko. Sawa. Akapanda na kopo lake la lami. Sasa yule bwana ana mwili, na bati lenyewe la miaka hiyo, kila akikanyaga nasikia krrk. Kapanda kuziba tundu 1, kashuka kaacha 4. Ananifutia mkono lami kwenye suruali yangu iliyoanikwa ananiambia "bosi, bati zimechoka." Kwani mie nimepumzika?

Halafu nimegundua kitu, mafundi wote wana salamu moja. Hawasemi habari za asubuhi. Anaingia, anaangalia, anafyonza, anasema "hii alikufanyia nani?" Kama vile mie ndo nilikuwepo!

Fundi umeme nae hivyohivyo. Huyu nilimwita sababu ya LUKU. Naweka umeme wa elfu kumi Jumatatu, Alhamisi giza, na mie sina friji, sina pasi, nina taa nne na feni moja ambayo ukiiwasha taa ya chooni inazima, yani inabidi uchague upate upepo ama umuone nyoka. Fundi akazima kila kitu, tukaenda kuangalia mita, kile kitaa chekundu bado kinapepesa tu pa pa pa. Nyumba nzima imezimwa, mita inakimbia. Tukapanda darini tukaufuata waya, umepita juu ya vyumba, umetoboa ukuta, ukatokea banda la jirani anakouza juisi ya miwa na ubuyu wa barafu. Friji lake kubwaaa limekaa limetulia linanguruma kwa hela yangu. Namuuliza kaka hii vipi, ananijibu kwa upole kabisa, "marehemu mzee aliniruhusu, tulikuwa tunaishi vizuri." Yani hapo mie ndo nimekuja kuharibu ujirani. Nimekata waya, sasa hivi nikipita ananiambia "karibu tajiri."

Bomba silisemi sana maana nitalia. Ni yale ya chuma ya zamani, fundi alilikata akanionyesha ndani, kutu imejaa mpaka tundu lililobaki linapita kidole cha mtoto, kama mishipa ya mtu aliyekula chipsi mayai miaka 40. Anafyonza, "hii alikufungia nani jamani, hii si kazi ya mtu mwenye akili." Bibi wa nyumba ya pili kakaa barazani kwake anachambua mchele, hata kichwa hakuinua, akasema "si ulifunga wewe, ile wiki ya hitma ya mzee." Fundi akainama akaendelea kukata.

Lakini haya yote ni madogo. Wacha niwape lenyewe.

Nimenunua tivii, inchi 43, nikataka niibandike ukutani kama watu. Nikaazima drili, nikaweka alama kwa penseli, nikapima kwa futi, mama watoto kashika simu anarekodi aweke status. Nikakandamiza. Drili haikulia. Ukuta wa tofali drili inalia mpaka meno yanauma, huu ilizama kimyaaa, kama kisu kwenye boga. Naichomoa, unatoka udongo mwekundu. Nikasema labda plasta mbaya, nikasogea pembeni nikatoboa tena, udongo. Ya tatu ile, plasta ikafanya ufa wa mzunguko mzuri kabisa halafu ikashuka yote kama kanga iliyofunguka, vumbi, mjusi katoka mbio, na mie nimesimama na drili nikiangalia fito. Fito na udongo na vijiwe, zimefungwa kwa kamba za makumbi. Nyumba niliyokopea miaka mitano ni ya udongo, kavalishwa koti la saruji akapakwa poda!

Na fito zenyewe, ukizigusa zinakuwa unga. Mchwa wamekula ndani wameacha umbo tu, kwa adabu. Fundi ujenzi alipokuja alizunguka mara mbili akaniambia nyumba hii imesimama kwa mazoea.

Nikatoka na hasira zangu mpaka kwa bibi, shikamoo, marahaba mwanangu, bibi hivi mlijua nyumba ile ni ya udongo? Bibi akafurahi! Akaweka ungo chini. "Kwani hukujua? Ile tumetomea sisi, mie nilikuwa mwari, wanaume wamesimamisha nguzo, wanawake tunachota maji, tumekandika na ngoma juu." Nikamwambia mbona hamkuniambia. Akaniangalia kwa huruma. "Hukuuliza, baba. Ulikuja na dalali ukauliza choo kiko wapi."

Nikataka nipige saruji tena pale palipoanguka, bibi akakataa. Kasema saruji haishikani na udongo, inakaa juu kama bandiko, na maji yakishaingia nyuma hayatoki, ndo yanaozesha fito kimyakimya, na nyumba ilianza kuugua siku walipoipiga hiyo plasta yao ya kisasa. Nikamuuliza yule fundi ujenzi pembeni, akasema bibi hajakosea, ila yeye kukandika hajui. Mji mzima mafundi hawajui, au wanajua wanaona aibu. Wa bati hapokei simu, wa umeme kaniambia anakuja leo tangu Ijumaa ya mwezi uliopita. Tanga waja leo waondoka leo, ila mafundi hilo la kuja hawajalisikia.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikuwa uani, suruali nimekunja mpaka gotini, nakanyaga udongo. Mtu nina ofisi mie. Bibi kaletewa mkeka chini ya mwembe anasimamia, "kanyaga mwanangu, bado haujaiva, kanyaga kama umegombana nao," watoto wa mtaa wamejaa, muuza juisi kaja kuangalia na glasi yake mkononi, mama watoto anarekodi na safari hii video haikatiki. Nikabadilisha fito mpya zilizopakwa dawa ya mchwa, nikatomea, nikakandika kwa mkono, mpaka magharibi ukuta umekaa. Umepinda kidogo kwa kulia, lakini umekaa. Tivii bado iko kwenye boksi.

Jumapili asubuhi nasikia hodi, fundi bomba, kapitia deni lake la elfu 15. Akaingia ukumbini, akasimama mbele ya ukuta, akaegemeza kichwa, akafyonza.

"Hii alikukandikia nani?"

Bibi alikuwa mlangoni nyuma yake, na mwiko mkononi.