Shida yangu si silikoni, ni ule moshi

Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni nasubiri zamu yangu. Dada aliyekuwa kwenye kiti akamshika msusi mkono: "Hebu ngoja. Hiyo seramu ina silikoni? Kama inayo usinipake, inaleta kansa." Msusi akaigeuza chupa, akasoma huku amekunja uso, akairudisha mezani na kuchukua nyingine. Ile nyingine nilikuja kuisoma baadaye: silikoni ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha. Ila mbele ilikuwa na picha ya parachichi, basi dada akatulia.

Na alikuwa amekuja kuweka dawa ya kunyoosha nywele. Hilo nitalirudia.

Kwetu neno silikoni lilishaharibika jina. Ukilitamka tu, watu wanawaza makalio ya kununua. Ya kwenye nywele ni ya ukoo huo huo, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Inayotumika sana ni dimethikoni, na minyororo ya molekuli zake ni mirefu mno kupenya ngozi. Inakaa juu tu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inaitambua kama kinga ya ngozi kwenye krimu zenye kati ya asilimia 1 na 30 ya kitu hicho. Na kama umelea mtoto mwenye gesi tumboni, huenda umeshampa ndugu yake wa karibu, simethikoni, ambayo ni dimethikoni iliyochanganywa na silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Inaingia mdomoni, inavunja mapovu ya gesi, inatoka ilivyoingia. Sasa tunamnywesha mtoto mchanga, halafu tunaogopa kuipaka kwenye unywele?

Sijui nani alituambia kwamba silikoni inafanya nywele zisipumue. Nywele hazipumui. Kilicho hai ni mzizi, na huo uko ndani ya ngozi.

Lalamiko la kweli ni kurundikana. Silikoni inavika unywele utando mwembamba, kitana kinapita bila kung'oa, na kwa sisi wenye kipilipili hiyo si neema ndogo. Lakini kuna aina, kama amodimethikoni, inayong'ang'ania hasa pale unywele ulipoharibika. Mtu akikaa miezi anaosha kwa kondishena peke yake, nywele zinakuwa nzito na zimepooza, akizimwagia maji yanateleza juu kama kwenye jani la mgomba. Dawa yake ni shampuu ya kawaida yenye povu. Huo ni uchafu, si ugonjwa.

Hadi hapo niko upande wa silikoni. Kuna jamaa zake wengine, wale wepesi, ambao siwatetei.

Jaribu hivi: dondosha tone la seramu kiganjani, lisugue, subiri kidogo. Ule utelezi wa hariri unapungua wenyewe, na wala hujafuta mkono. Sehemu ya tone imeruka hewani. Mara nyingi hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye lebo "cyclopentasiloxane", wenyewe wanaiita D5. Dada yake ni D4, "cyclotetrasiloxane". Umoja wa Ulaya umeiweka D4 kwenye vitu vinavyoshukiwa kudhuru uzazi na kuipiga marufuku kwenye vipodozi. Tangu 31 Januari 2020, bidhaa za kuosha na kusuuza haziruhusiwi huko kuwa na D4 au D5 kufikia asilimia 0.1. Mwaka 2024 wakaongeza: hata zile zinazobaki kichwani zitabanwa kuanzia Juni 2027. D5 waliibana zaidi kwa ajili ya mazingira, maana haiozi upesi, inaenda na maji na kujikusanya kwenye viumbe wa majini. Kwa hiyo anayesema "Ulaya wamepiga marufuku silikoni" amesikia robo ya habari.

Lakini kilichonigusa ni cha hewani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, waliwaweka watu kwenye nyumba ya majaribio watengeneze nywele kama kawaida yao, wakawa wanapima hewa. D5 ilipanda, na pasi ilivyozidi kuwa ya moto na nywele zilivyozidi urefu ndivyo ilivyopanda zaidi. Pale ni mtu mmoja, kichwa chake mwenyewe, asubuhi moja. Hebu sasa fikiria msusi wetu siku ya Jumamosi: kichwa baada ya kichwa tangu asubuhi mpaka Isha, ndani ya kontena, mlango umefungwa ili ubaridi wa AC usitoke. Anapaka seramu, anabana pasi, ule moshi mweupe unapanda, na uso wake uko sentimita chache juu yake. Mimi naondoka baada ya saa mbili. Yeye anabaki.

Halafu tukimwona anakohoa tunasema ni vumbi.

Turudi kwa yule dada na dawa yake. Mwaka 2022 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497. Kwa waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 4.05, kwa wasiotumia kabisa ni 1.64. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Ila mimi, kati ya hiyo na dimethikoni, najua ya kuikataa kwanza. Na zile za kunyoosha zinazochoma macho mpaka machozi yatoke usizichukulie mchezo: baadhi zinatoa fomaldehaidi zikipata moto, na hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kusababisha saratani.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia msusi, "Dada, kabla hujawasha pasi, tufungue dirisha." Akacheka. Akanionyesha kabati la mawigi, refu hadi karibu na dari.

"Dirisha liko nyuma ya lile."

Tukafungua mlango. Mteja wa foleni akalalamika joto.