Mangi na Kichuguu cha Minnesota

Chanzo cha yote haya ni kihamba cha kina Mangi kule Marangu. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, ukisimama nyuma ya zizi la ng'ombe unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yote, nyeupe pe. Mangi amekua akiitazama hivyo kila alipotumwa majani, na kwa kuitazama huko akajitunuku shahada ya theluji. Mlima wenyewe hajaupanda. Hata kambi ya Mandara, ambako wanafunzi hupelekwa asubuhi wakarudi jioni, haijui. Ukimgusia hilo anakwambia mtu wa Marangu hapandi mlima, anapandisha wageni. Kisha anakushushia habari za mzee Lauwo, mtu wa kwao anayetajwa kuwa aliongoza msafara wa Mjerumani Hans Meyer kwenda kileleni mwaka 1889. Undugu wao unapitia kwa shangazi ambaye jina hubadilika kila hadithi inaposimuliwa.

Mimi ni wa Tanga. Kwetu baridi ni Lushoto, na Lushoto mtu unakwenda kwa hiari yako, unanunua mapeasi, unarudi kwenye joto lako. Nilipotua Minnesota, Marekani, mwezi wa kwanza na viatu vya wazi, Mangi ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege akiwa na koti mkononi. Mtu aliyekuvalisha koti siku hiyo humkatalii jambo maishani. Nalisema hili mapema ili msije mkaniuliza baadaye nilifuata nini kule juu.

Safari yenyewe ya kwenda kwenye skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili, ilipangwa kwa Mama Junior, muuguzi kutoka Kisii, mezani, ugali ukiwa bado unafuka. Mwanawe Junior, darasa la pili, amezaliwa hukuhuku na shule yao huwapeleka watoto kwenye skii. Akatuonyesha kwenye simu anavyoshuka. Mangi akatazama, akachota mboga, akasema, "Si mbaya. Ila magoti yamekaza."

Mama Junior akaweka kijiko chini. "Ati magoti? Wewe Mangi, nyinyi Olimpiki ya theluji mlimpeleka nani? Sisi tulimpeleka Philip Boit."

Hapo alikuwa na hoja. Boit, mkimbiaji wa Bonde la Ufa, alishindana Nagano, Japani, mwaka 1998, skii ya kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie hakwenda kuchukua medali yake. Alimngoja Mkenya mpaka akafika, akamkumbatia, na ikabidi waandaaji wasubiri. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

"Wa mwisho," akasema Mangi.

"Wa tisini na mbili duniani," akajibu Mama Junior. "Wewe ni wa ngapi?"

Jumamosi yake tukawa njiani.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu Minnesota: haina milima. Kilele cha juu kuliko vyote katika jimbo zima, Eagle Mountain, kina mita 701. Soko la Lushoto liko juu karibu mara mbili ya hapo. Watu wa huku skii wanachezea kwenye kingo za mabonde ya mito, na mbinguni kusipotoa theluji ya kutosha wanaitengeneza wenyewe kwa mashine zinazorusha maji na hewa ya mgandamizo usiku kucha. Tuliposhuka garini Mangi akaangalia kilima, akaangalia mashine, akatema pembeni. "Hiki ni kichuguu," akasema. "Tena cha kutengenezwa."

Pale pa kukodisha vifaa tukapewa fomu. Uzito, urefu, umri, halafu chini kabisa unajichagulia aina yako: 1 ni mtu wa polepole, 3 ni mtu wa kasi na miteremko mikali. Namba ile haipo kwa ajili ya sifa. Fundi anaichanganya na uzito wako kujua akaze kiasi gani vile vishikizo vinavyofunga buti kwenye ubao. Ukiwa 1 vinalegezwa, ili ukianguka ubao uchomoke upesi na mguu usalimike. Ukiwa 3 vinakazwa, maana mtu wa kasi hataki ubao umtoke njiani. Haya yote yameandikwa kwenye fomu. Mangi alitia alama kwenye 3 huku akiongea na mtu mwingine.

Mama Junior uzito wake aliujaza huku amefunika karatasi kwa kiganja, kama mtoto anayeficha majibu ya mtihani. Kijana wa kaunta akaipokea, akageuka, akamsomea mwenzake wa nyuma kwa sauti inayofika maegesho ya magari.

Buti la skii, kwa asiyelijua, ni plastiki ngumu mpaka katikati ya muundi, na limetengenezwa likusukume uiname mbele muda wote. Ukishalifunga zile bizimu za pembeni, kifundo cha mguu kinastaafu. Unatembea kwa kutanguliza kisigino, ko, ko, ko, watu wazima mmepangana mmeinama kidogo mnaelekea mlangoni, kila mmoja amekumbatia mbao zake mbili ambazo nazo zinateleza moja juu ya nyingine na kuwapiga wa nyuma. Mimi nilikuwa na suruali mbili juu ya bukta, kwa hiyo hata kuinama ilikuwa mazungumzo marefu. Na shingoni nilikuwa na kikoi. Asubuhi ile mama alinipigia kwa video kutoka Tanga, akalikagua koti, akauliza, "Na kifua umekifunika na nini?" Basi nikakizungusha kikoi changu cha bluu mara kadhaa, ncha mbili zikaning'inia mgongoni.

Mama Junior alikwenda kwa wanafunzi, kwenye kimteremko kifupi chenye mkanda wa mpira unaotembea. Unasimama juu yake unapandishwa bila kufanya lolote. Mwalimu anawafundisha kusogeza pamoja ncha za mbele za mbao na kutanua za nyuma, umbo la kipande cha pizza, na hiyo ndiyo breki. Watoto wote wanaiita hivyo, pizza. Mimi nilitaka kubaki hapo. Nilishapanga foleni.

"Hapo ni pa watoto," Mangi akasema. "Twende juu."

Mama Junior akamnong'oneza mwanawe kitu, na Junior akatufuata. Baadaye nilijua aliambiwa, "Waangalie anko zako."

Kiti cha kuning'inia hakisimami. Kinakuja nyuma yako kwa mwendo wake, kinakuvunja magoti, umekaa, na tayari ardhi iko mbali. Tulikaa watatu, mtoto katikati. Upepo wa nyuzi 10 chini ya sifuri unakata masikio, mbao zinavuta miguu chini, na Mangi anatoa hotuba kuhusu barafu ya Kibo inavyopungua, jambo ambalo ni la kweli na la kuhuzunisha, lakini mimi nilikuwa natafuta mahali pa kushika. Katika kutafuta, ncha za kikoi zilipenya kwenye uwazi wa mgongo wa kiti. Sikuona. Zilikuwa mgongoni.

"Anko," Junior akasema, "hii line si ya watu wapya."

Mangi akamwambia nyanya yake mzaa babu alikuwa anaota moto kwenye baridi kali kuliko hii. Ukoo hata si mmoja.

Kushuka kwenyewe ni kitu kidogo: unainua ncha za mbao, zinagusa theluji, unasimama, kiti kinakusukuma, unateleza zako. Junior alifanya hivyo na kwenda kusimama pembeni. Mangi naye alisimama, nitampa haki yake. Mimi nikasimama pia, na ningekuwa nimeshuka, isipokuwa kikoi kilikuwa kinaendelea na safari. Kikakaza. Kwa bahati sikuwa nimefunga fundo, kwa hiyo badala ya kuninyonga kikaanza kujikunjua, na kila mzunguko kilipojikunjua nami nikazunguka nacho, nikiwa wima, mikono hewani, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mzunguko wa mwisho ulinikuta nimeelekea alikosimama Mangi. Nikamkumbatia. Tukaenda chini sote.

Kijana wa kibanda cha juu akabonyeza kitufe chekundu na viti vyote vikasimama, kilima kizima. Watu wakabaki wananing'inia, miguu inacheza hewani, wanatutazama. Hakuna aliyecheka waziwazi. Watu wa huku wana adabu, wanakuuliza kama uko salama huku machozi yanawatoka. Tulipoburutwa pembeni mashine ikawashwa tena, na kikoi changu, kimeshikilia kiti kitupu, kikaanza kushuka bondeni kinapepea taratibu. Kila aliyekuwa anapanda alipishana nacho.

Juu kule kulikuwa na vibao viwili. Mraba wa bluu, maana yake mteremko wa wastani. Almasi nyeusi, maana yake andika wosia. Duara la kijani, la wanagenzi, halikuwapo.

Mimi nilivua mbao zangu, nikazikumbatia, nikakaa chini pembezoni kabisa na kuanza kushuka kwa makalio. Suruali mbili zilinisaidia kwa mara ya kwanza siku ile. Mangi alinitazama kwa huruma, akashusha miwani, akajisukuma.

Mwanzo alikuwa mzuri, wallahi. Mgongo umenyooka, mikono mbele, hata mimi nikaanza kuamini habari za yule shangazi. Kisha mteremko ukaongezeka kidogo na mwendo ukaongezeka sana.

"Pizza, anko!" Junior akapiga kelele, anamfuata pembeni bila wasiwasi. "Pizza! Pizza!"

Mangi alifanya pizza, ila aliigeuza: ncha za mbele zikatanuka, za nyuma zikakutana. Mguu wa kulia ukaelekea Wisconsin na wa kushoto ukabaki Minnesota. Akapita mbele yangu katika hali hiyo, ametamka jina la Yesu kwa Kichaga, akaingia moja kwa moja kwenye wavu wa rangi ya chungwa waliozungushia mojawapo ya zile mashine za theluji alizozidharau asubuhi. Mtu wa namba 1 hapo mbao zingechomoka, angeamka, angejikung'uta. Mangi mbao zote mbili zilibaki miguuni, moja juu ya wavu, nyingine chini yake. Fundi wa kaunta alikuwa amefanya kazi yake sawasawa.

Waokoaji walifika upesi, makoti mekundu yenye msalaba mweupe, wanavuta sleji. Wakamchomoa, wakamfunga mguu, wakamlaza chali, wakamfunika blanketi mpaka kidevuni na kumkaza kwa mikanda. Mimi bado nilikuwa nashuka kwa makalio sleji iliponipita. Nilichokiona ni pua ya Mangi tu na mvuke unaotoka. Nilichokisikia ni Kiingereza chake akimweleza mwokoaji habari za Hans Meyer.

Chini tulimkuta Mama Junior anamaliza mteremko wake. Alikuja kwa pizza toka juu hadi mwisho, polepole mno, watoto wa chekechea wakimpita kulia na kushoto, na hakuanguka hata kidogo. Alipofika akainua mikono yote miwili. "Boit!" akasema. Ndipo alipoona sleji.

Ndani, kwenye benchi karibu na mashine ya kahawa, alimshika Mangi goti kwa mikono ya kazi, akalikunja, akalinyoosha, akalibonyeza mahali fulani na Mangi akapaa kidogo. "Haijavunjika. Umeteguka tu. Ukae na barafu dakika 20, na uache mdomo." Mmoja wa waokoaji akaleta mfuko wa barafu. Mangi akautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Haikupita hata nusu ya zile dakika 20. "Hii skii ina mambo ya vifaa," akasema. "Walikaza sana. Jumamosi ijayo twende kuvua samaki kwenye barafu. Ziwa likishaganda sentimita 10 linabeba mtu. Unatoboa tundu, unakaa."

"Na samaki wewe unawajulia wapi?" nikamuuliza.

"Ziwa Chala liko kwetu."

Chala liko Rombo, mpakani na Kenya. Mama Junior alifungua mdomo kuliingilia hilo, lakini Junior akaingia akiwa na kikoi changu. Wale wa chini walikiopoa baada ya kwenda na kurudi sijui mara ngapi, kimelowa theluji kisha kikaganda hivyohivyo kilivyokuwa kinapepea. Junior alikiegemeza ukutani na kikasimama chenyewe, kimejipinda kiuno.

Simu yangu ikalia. Mama, video, Tanga saa nne ya usiku.

"Kifua umekifunika?"

"Ndiyo mama."

"Kikoi sikioni."

"Kile pale, kimesimama."

"Kimesimama na nani?"

Kabla sijapata jibu, Mangi alishanyoosha mkono akaninyang'anya simu, mfuko wa barafu ukimwangukia mapajani. "Mama, shikamoo! Usiwe na wasiwasi na huyu mwanao, yuko na mimi. Leo nimemfundisha theluji."

"Marahaba baba," mama akasema. "Mungu akuzidishie."