Mbio Ambazo Kocha Hakumkimbiza Mwanafunzi Wake

Kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni 1978, yaani katika muda wa siku 81, mwanafunzi mmoja wa chuo cha Washington State nchini Marekani alivunja rekodi nne za dunia. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi nchini Kenya, alianza na mita 5,000 huko Berkeley kwa muda wa 13:08.4, akafuatia na mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seattle kwa 8:05.4, akavuka bahari hadi Vienna na kukimbia mita 10,000 kwa 27:22.4, kisha akamalizia Oslo kwa mita 3,000 za kawaida katika 7:32.1. Julai alitwaa dhahabu mbili katika Michezo ya Afrika kule Algiers, na Agosti akatwaa nyingine mbili katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Novemba mwaka huohuo, akiwa bingwa wa miaka miwili mfululizo, alisimama tena kwenye mstari wa kuanzia wa mbio za nyika za ubingwa wa vyuo vya Marekani mjini Madison, akamaliza akiwa wa 237.

Kila ninapofikiria kazi ya kocha wa riadha wa chuo, narudi kwenye nafasi hiyo ya 237. Rekodi nne huandikwa kwenye wasifu wa kocha, na kwa haki, lakini nafasi ya 237 haina mwenyewe. Aliyekuwa na jukumu la kumwambia Rono apumzike Novemba ile ni yuleyule aliyemhitaji kwenye timu, na hapo ndipo ulipo mgogoro wa kazi yenyewe.

Kocha huyo alikuwa John Chaplin, aliyeongoza riadha ya Washington State kwa takriban miaka ishirini hadi alipostaafu mwaka 1994. Chuo chake kiko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na vilima vya ngano, mahali penye theluji wakati wa baridi na mbali na miji mikubwa. Kijana wa Kimarekani mwenye kipaji cha kupindukia alikuwa na vyuo vingi vya kuchagua kabla ya kufika Pullman. Chaplin akatazama kwingine. Samson Kimobwa wa Kenya, mwanafunzi wake, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977, na mwaka huohuo chuo kikatwaa ubingwa wa taifa wa riadha ya ukumbini. Baada ya Rono akaja Julius Korir, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya kuruka viunzi na maji mwaka 1984, kisha Peter Koech, aliyepata fedha katika mbio hizohizo mwaka 1988 na kuvunja rekodi ya Rono mwaka 1989. Kuanzia Mei 1978 hadi Moses Kiptanui alipoivunja Agosti 1992, rekodi ya dunia ya mbio hizo ilikuwa mikononi mwa watu waliopitia Pullman. Chaplin mwenyewe alikuja kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya Marekani katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Wanaomtetea Chaplin na wenzake wana hoja ambayo mara nyingi haipewi uzito wake hapa Afrika Mashariki. Katika miaka hiyo mwanariadha wa Kenya hakuwa na jukwaa la uhakika. Kenya iligomea Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, kisha ikagomea Moscow mwaka 1980 kwa sababu ya uvamizi wa Usovieti nchini Afghanistan. Rono, ambaye katika kilele chake hakuwa na mpinzani duniani, hakuwahi kukimbia hata Olimpiki moja. Chuo kilimpa mbio, kocha, chakula, bweni na darasa, na kwa mtu ambaye serikali yake ilikuwa imemfungia milango miwili kwa sababu za kisiasa, hayo hayakuwa mambo madogo. Bila kocha wa Pullman, huenda dunia isingelijua jina la Rono.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Suleiman Nyambui alikwenda Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambako kocha Ted Banks alitwaa mataji ya taifa zaidi ya 15 ndani ya muda usiozidi miaka kumi. Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na katikati ya kazi hiyo akaenda Moscow mwaka 1980, kwa kuwa Tanzania haikugoma, akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, mwaka 1987 na 1988, kisha akarudi nyumbani akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Anayedai kwamba kocha wa chuo humkamua mkimbiaji na kumtupa hana budi kulieleza jambo hili: mtu aliyekimbizwa sana El Paso alikuwa bado anashinda marathoni akiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini.

Upande wa pili una malalamiko mawili, na yafaa kuyatenganisha kwa sababu hayalingani uzito.

Lalamiko la kwanza lilitoka kwa Wamarekani wenyewe. Walisema si haki kijana wa miaka 18 aliyetoka sekondari apangwe na mtu mzima aliyekwisha kuchezea taifa lake. Mwaka 1981 timu ya El Paso, iliyotegemea wakimbiaji wa Afrika, ilishinda mbio za nyika za taifa kwa pointi 17 (katika mbio za nyika pointi ni jumla ya nafasi za wakimbiaji watano, na chache ndizo hushinda), ilhali timu haiwezi kupata chini ya 15 hata wakimbiaji wake watano wakiingia wa kwanza hadi wa tano. Malalamiko ya umri yalikuwa na ukweli ndani yake, ila yalichanganyika na chuki dhidi ya wageni. NCAA, shirikisho linalosimamia michezo ya vyuo, ilitunga kwanza kanuni iliyowabana wanafunzi wa kigeni peke yao, mahakama ikaibatilisha, ndipo ikaja kanuni ya umri isiyotaja uraia. Kwa maoni yangu suala hilo lilipata jibu lake la haki: kipimo kiwe umri na uzoefu, kisiwe pasipoti. Sina haja ya kukaa hapo zaidi.

Lalamiko la pili ndilo linaloniuma. Katika ubingwa wa vyuo, timu hushindana kwa pointi, na leo mshindi wa kila mchezo huiletea timu yake 10, wa pili 8, wa tatu 6, kisha 5, 4, 3, 2 na 1. Kocha mwenye mkimbiaji mmoja wa kiwango cha dunia hupata pointi 10 akimwingiza kwenye mbio moja, na 20 akimwingiza kwenye mbili. Kumwingiza kwenye ya pili hakumgharimu kocha chochote, kwa kuwa gharama yote iko kwenye miguu ya mkimbiaji na hujitokeza baadaye, pengine baada ya mkataba wa ufadhili kwisha. Mrusha tufe hurusha mara sita, akavaa suruali yake akaondoka. Mkimbiaji wa masafa marefu ana mbio za nyika za vuli, za ukumbini wakati wa baridi na za uwanjani wakati wa machipuko, na baada ya hapo, ikiwa ni mtu kama Rono, ndipo nchi yake na waandaaji wa Ulaya wanapoanza kumwita.

Hata hivyo sioni haki ya kumtwisha Chaplin mzigo wote wa yaliyompata Rono. Inajulikana, na Rono mwenyewe aliyasema waziwazi maisha yake yote, kwamba pombe ilimwangusha, kwamba fedha za mbio za Ulaya zilipotea, na kwamba kuna wakati alikosa hata mahali pa kulala. Pamoja na hayo, alirudi mwaka 1979 akashinda tena ubingwa wa mbio za nyika, na mwaka 1981 akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 kwa 13:06.20. Alifariki Nairobi Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 72. Waandaaji wa mashindano, chama cha nyumbani, kanuni za uridhaa zilizomzuia kulipwa hadharani na kumfundisha kulipwa kwa siri, wote walikuwa na mkono wao. Kocha wa chuo alikuwa mmoja kati ya wengi waliomvuta. Tofauti ni kwamba ni yeye peke yake aliyemwona kila siku mazoezini, na aliyeweza kujua kabla ya wengine wote kwamba hatua zake zimekuwa nzito.

Kwa hiyo kipimo changu cha kocha wa chuo kiko mahali ambapo jedwali la pointi haliwezi kufika, nacho ni mbio ambazo alimzuia mwanafunzi wake asikimbie. Ni kipimo kigumu kwa sababu mbio zisizokimbiwa haziandikwi popote. Lakini matokeo yake huonekana miaka kumi au ishirini baadaye, na chuo hichohicho cha Pullman kimetupa mfano. Bernard Lagat alifika huko mwaka 1996 akitokea Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, akawa chini ya James Li, kocha mzaliwa wa China aliyesomea hapohapo. Lagat alimaliza masomo, akapata shaba ya mita 1,500 Sydney na fedha Athens akiwa na jezi ya Kenya, kisha akiwa raia wa Marekani akashinda mita 1,500 na 5,000 katika mashindano ya dunia ya Osaka mwaka 2007. Li alipohamia Chuo Kikuu cha Arizona, Lagat aliendelea kuwa chini yake, na mwaka 2016 huko Rio, akiwa na miaka 41, alikuwa wa tano katika fainali ya mita 5,000. Leo Lagat mwenyewe ameingia katika kazi ya ukocha Arizona, kama Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1988 aliyekuwa mwanafunzi wa Virginia, alivyokuja kuwa kocha El Paso. Miaka ishirini ya kukimbia katika kiwango hicho haiji kwa bahati. Kuna mtu aliyekuwa akisema "leo hapana" mara nyingi.

Ninachohofia ni kwamba mazingira ya sasa yanamwadhibu kocha wa aina ya Li. Tangu mwaka 2024 mwanafunzi anaweza kuhama chuo hadi chuo na kucheza mara moja, hata akihama zaidi ya mara moja, jambo ambalo ni haki yake na ninaliunga mkono, lakini lina maana kwamba kocha aliyemlea kijana polepole kwa miaka miwili anaweza kumpoteza kwa chuo chenye fedha katika msimu ambao angeanza kuvuna. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza, na kuweka kikomo cha idadi ya wachezaji, ambacho kwa riadha ni 45. Fungu kubwa linakwenda kwa mpira wa miguu wa Kimarekani na kikapu. Katika timu yenye viti vya kuhesabu, kocha atampa nani kiti, kijana wa miaka 18 anayehitaji misimu mitatu ili akomae, au mtu aliyeiva tayari atakayeleta pointi Machi ijayo?

Washington State imekwisha kuchagua. Mwezi huohuo wa Juni 2025 chuo kilitangaza kwamba kinaachana na michezo ya kuruka na kurusha, kinapunguza nafasi za mbio fupi na viunzi, na kuelekeza nguvu kwenye mbio za masafa. Wapo watakaosema ni uamuzi wa busara wa chuo chenye bajeti finyu kinachorudi kwenye kile kilichokipa jina, na kwa hesabu za fedha siwezi kuwapinga. Lakini mkimbiaji wa masafa sasa ndiye atakayebeba karibu timu nzima mgongoni. Shinikizo lililomsimamisha Rono pale Madison halijapungua, limeongezeka.

Simu za makocha wa vyuo kwenda Kenya zitaendelea kupigwa. Pullman ikiwa saa tatu usiku wakati wa baridi, Kenya ni saa mbili asubuhi, saa ambayo vijana wa Iten na Kapsabet wamerudi kutoka mazoezini na chai iko mezani. Mara nyingi anayepokea habari hizo pamoja na kijana ni mama au mwalimu wake, na maswali yanayoulizwa ni ya nauli, viza na ada. Naomba yaongezwe mawili: mwanafunzi wako bora alikimbia mbio ngapi mwaka jana, na ni mbio gani alizotaka kukimbia ukamkatalia?