Kuhesabu Hatua au Kushika Saa?

Ukipewa algorithimu mbili (taratibu za hatua za kutatua tatizo) zinazofanya kazi ileile, utajuaje iliyo bora? Wako wanaohesabu hatua na kutazama zinavyoongezeka data ikikua. Wako wanaoendesha programu na kupima sekunde. Mimi naanzia kwenye hesabu, ila siwezi kuishia hapo.

Hesabu inatamba data inapokuwa nyingi. Kupanga vipengele 1,000,000 kwa njia ya O(n²), yaani ambayo hatua zake hukua kama mraba wa idadi ya vipengele, n, kunadai hatua kama trilioni moja. Kwa O(n log n), yaani n mara logi yake ya kizio 2, kama milioni 20. Kwa kompyuta ya hatua bilioni moja kwa sekunde, ya kwanza itachukua karibu dakika 17, ya pili sekunde 0.02. Pengo hilo halizibwi kwa kununua mashine mpya.

Tatizo ni kwamba alama ya O huacha nje vizidishi (namba za kudumu zinazozidisha n). Njia ya hatua 100n hushindwa na ya n² hadi n ifike 100. Ndiyo maana Timsort, aliyoibuni Tim Peters kwa ajili ya Python mwaka 2002, hupanga vipande vidogo kwa njia ya kuchomeka, ambayo ni O(n²), ndipo huviunganisha. Kumbukumbu nayo haionekani kwenye hesabu: kusoma kutoka kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi) iliyo karibu kabisa na prosesa huchukua kama nanosekunde 1, kutoka kumbukumbu kuu kama 100. Kupitia safu iliyopangwa mfululizo na kupitia orodha iliyotawanyika zote ni O(n), lakini saa itazitenganisha waziwazi.

Kuna pia suala la hali mbaya kabisa, yaani data inayoilazimisha njia kufanya hatua nyingi kuliko zote. Mwaka 1972 wanahisabati Klee na Minty walionyesha kuwa mbinu ya simplex, ya kutafuta jibu bora chini ya masharti ya mstari, inaweza kulipuka hadi hatua karibu 2ⁿ, n ikiwa idadi ya vigezo. Mwaka 1979 mwanahisabati Khachiyan akaleta mbinu isiyolipuka hivyo. Kazini, simplex iliendelea kuishinda mbinu hiyo kwa kasi.

Basi tuiamini saa? Taratibu. Mzunguko wa kwanza hubeba muda wa kupakia faili na kujaza kashe. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ikiona jibu halitumiki popote, inaweza kuifuta kazi yote, nawe ukasoma sifuri na kushangilia. Kubwa kuliko yote ni data ya majaribio. Chukua quicksort, njia ya kupanga inayogawa data kwa kulinganisha na kipengele kimoja, hapa cha kwanza: vipengele 10,000 vilivyochanganywa ovyo vinahitaji kwa wastani milinganisho karibu 156,000, vikiwa tayari vimepangwa, 49,995,000. Anayejaribu kwa namba za bahati nasibu tu hataliona hilo mpaka mtumiaji alete faili lililokwisha kupangwa.

Jaribio ninalolipendelea ni la kuzidisha data mara mbili. Endesha kila ukubwa mara kadhaa, chukua muda wa katikati (wastani huharibiwa na programu nyingine zinazoingilia), kisha gawanya muda mpya kwa wa awali. Ukipata 2, ukuaji ni wa n, 4, ni n², 8, n³. Uwiano ukiruka ghafla kisha ukatulia, huenda data imezidi kashe.

Hata hivyo, kwa n log n, kutoka vipengele 1,000,000 hadi 2,000,000 uwiano ni 2.1 tu. Mtikisiko mdogo wa mashine unatosha kuufanya ufanane na 2, na hapo itabidi urudi kwenye msimbo uhesabu mizunguko kwa kalamu.