Viwanda vya Marekani Havikufa kwa Ugonjwa Mmoja

Katika kamusi za Kiswahili lingalimo neno merikani, ambalo wengine huliandika amerikani, lenye maana ya kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Jina hilo halikuzuka lenyewe. Tangu miaka ya 1830, na hasa baada ya Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja zikiwa na majora ya kitambaa hicho na kurudi kwao na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Baadaye sehemu ya mzigo huo ilifumwa hapo hapo Salem, katika kiwanda cha Naumkeag. Kiwanda hicho kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na majengo yake yakapata wapangaji wengine. Kazi yake haikwenda China wala Mexico. Ilihamia Carolina Kusini, ambako pamba ilikuwa karibu, mishahara ilikuwa midogo na vyama vya wafanyakazi havikuwa na nguvu.

Ninaanza na Salem kwa sababu mjadala wa siku hizi kuhusu kuporomoka kwa viwanda vya Marekani huzungumzwa kana kwamba kila kitu kilikuwa salama mpaka siku mgeni alipobisha hodi. Upande mmoja unasema kazi ziliibwa: mkataba wa biashara huru na Mexico na Kanada ulioanza Januari 1994, kisha China kuingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, viliwapa wenye makampuni ruhusa ya kuwatupa wafanyakazi wao na kufuata mishahara ya chini ng'ambo. Upande wa pili unajibu kwamba hakuna aliyeiba chochote. Mashine ndizo zilizochukua kazi, kama trekta lilivyochukua kazi ya mkulima, na Marekani ingali nchi ya pili duniani kwa thamani ya bidhaa inazotengeneza. Kila upande una takwimu zake, na nyingi ni za kweli. Kosa, ninavyoona, ni kudhani kwamba kinachojadiliwa ni kitu kimoja.

Tuzitazame hesabu zenyewe kwanza. Ajira za viwandani zilifika kilele mwaka 1979, zilipokuwa takriban milioni 19.5. Kwa miaka ishirini iliyofuata zilipanda na kushuka, zikipungua polepole, na mwaka 2000 bado zilizidi milioni 17. Kisha, ndani ya miaka kumi tu, zikaanguka hadi karibu milioni 11.5 mapema mwaka 2010, yaani theluthi moja ikayeyuka. Tangu hapo zimepanda kidogo, lakini hazijafika hata milioni 13 na nusu. Anayetaka kulaumu mashine peke yake ana deni la kueleza kwa nini mashine hizo zilikwenda kwa mwendo wa kobe kwa miaka ishirini, halafu ghafla zikatimua mbio. Naye anayelaumu China peke yake ana deni la kueleza mji wa Youngstown.

Youngstown uko Ohio, katika bonde la mto Mahoning, lililokuwa limejaa viwanda vya chuma kwa maili nyingi. Jumatatu ya tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha Campbell, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Wenyeji waliiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi, na ndani ya miaka michache viwanda vingine vya bonde hilo vikafuata. Wakati huo Mao alikuwa amefariki mwaka mmoja tu uliopita, na China haikuwa ikimuuzia Mmarekani chuma cha maana. Chuma kilichokuwa kikiingia kilitoka Japani na Ulaya Magharibi, nchi ambazo zilijenga viwanda vyake upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia na hivyo zikawa na mitambo mipya kuliko ya mshindi.

Hapo ndipo penye aibu ambayo wenye makampuni hawapendi kuikumbuka. Tanuru la kupuliza oksijeni, lililoanza kazi Austria mwaka 1952, liliweza kusafisha chuma kilichoyeyushwa kwa muda usiofika saa moja, ilhali tanuru la mtindo wa zamani lilihitaji saa nane au zaidi. Makampuni makubwa ya Marekani, yakiwa yamezoea soko lisilo na mpinzani, yaliendelea kujenga matanuru ya zamani katika miaka ya 1950. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kampuni ya Youngstown yenyewe ilinunuliwa mwaka 1969 na Lykes, kampuni ya meli ya New Orleans, ambayo ilikuwa na madeni mengi na haikuwa na haraka ya kuweka mitambo mipya Ohio. Ulipofika mwaka 1977, baadhi ya mitambo ya Campbell ilikuwa ya enzi za babu wa wale waliokuwa wakiiendesha.

Wapo wanaoelekeza kidole kwa vyama vya wafanyakazi, na hawakosei kabisa. Mwaka 1959 wafanyakazi nusu milioni wa chuma waligoma kwa siku 116, na wateja waliokosa chuma cha nyumbani wakajifunza kununua cha nje; mwaka huo huo Marekani ikaagiza chuma kingi kuliko ilichouza nje, jambo lililokuwa halijatokea tangu karne ya 19. Ili migomo isirudi, makubaliano ya mwaka 1973 yakawahakikishia wafanyakazi nyongeza ya asilimia 3 kila mwaka pamoja na fidia ya kupanda kwa bei, bila kujali kama kiwanda kinapata faida au la. Lakini mkataba una pande mbili zinazotia saini. Mameneja waliokubali masharti hayo waliamini kwamba gharama yoyote ingesukumwa kwa mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi hakuwa na pa kwenda. Wala si chama cha wafanyakazi kilichochagua aina ya tanuru.

Kilichofuata katika chuma ndicho kinachowapa nguvu wale wanaosema ni mashine. Makampuni mapya, Nucor ikiwa mbele, yaliacha kabisa kuanzia kwenye mawe ya chuma na badala yake yakayeyusha vyuma chakavu kwa matanuru ya umeme, katika viwanda vidogo vilivyojengwa mbali na miji ya zamani. Mwanzoni yalitengeneza nondo tu, bidhaa ambayo wakubwa waliidharau. Mwaka 1989, huko Crawfordsville, Indiana, Nucor ikaanza kutoa mabati mapana, na dharau ikaisha. Leo takriban asilimia 70 ya chuma cha Marekani hutoka kwenye matanuru ya umeme. Wanauchumi Allan Collard-Wexler na Jan De Loecker walionyesha kwamba kati ya mwaka 1962 na 2005 sekta hiyo ilipoteza ajira zipatazo 400,000, sawa na robo tatu ya wafanyakazi wake, ilhali kiasi cha chuma kilichouzwa mwaka 2005 kilikuwa karibu kile kile cha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo chuma hakikuondoka Marekani. Walioondoka ni watu waliokuwa wakikitengeneza.

Katikati ya mambo haya kuna sababu ambayo pande zote mbili huipita haraka kwa kuwa haina sura ya mtu: sarafu. Benki Kuu ya Marekani, chini ya Paul Volcker, ilipandisha riba hadi kukaribia asilimia 20 mwaka 1981 ili kuua mfumuko wa bei. Ilifaulu, lakini fedha za dunia zikakimbilia dola, na dola ikapanda mno hadi mwaka 1985, mawaziri wa fedha walipokutana katika hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha. Kwa miaka hiyo minne, mtengenezaji wa mashine wa Ohio aliona bei yake ikipanda machoni mwa mteja wa nje bila yeye kubadilisha hata senti. Wengi waliofunga milango wakati huo hawakushindwa na roboti wala na mshahara wa Mchina.

Nguo zina hadithi nyingine kabisa, na hapa upande wa kwanza una haki kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Ile kazi iliyohama New England, eneo la kaskazini-mashariki ilimo Salem, kwenda Kusini ilitua katika miji kama Kannapolis, Carolina Kaskazini, mji uliojengwa na kumilikiwa na kampuni ya Cannon iliyotengeneza taulo na mashuka. Tarehe 30 Julai 2003 kampuni iliyorithi viwanda hivyo, Pillowtex, ilifunga kila kitu, na zaidi ya watu 4,000 wa mji huo na vitongoji vyake wakaachishwa kazi kwa siku moja. Wengi wao walikuwa na umri mkubwa na hawakuwa wamemaliza sekondari, kwa kuwa kiwanda hakikuwahi kuwadai cheti. Mashine za kufuma zilikuwapo Kannapolis tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mashine za namna hiyo hiyo sasa ziliendeshwa Asia kwa mshahara mdogo zaidi mara kadhaa, na bidhaa zake zikaingia bila hofu ya ushuru kupandishwa mwaka ujao.

David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walipofuatilia maeneo yaliyoshindana moja kwa moja na bidhaa za China, waligundua jambo lililowashtua wanauchumi wenzao. Vitabu vilifundisha kwamba mtu akikosa kazi hapa atahamia pale. Hawakuhama, au walihama wachache mno. Maeneo hayo yalibaki na ukosefu wa ajira na mishahara duni kwa miaka mingi, na fedha za serikali zilizowafikia zilipitia zaidi malipo ya ulemavu kuliko mpango wa kuwasaidia waliopoteza kazi kwa ajili ya biashara ya nje, ambao ulikuwapo tangu mwaka 1962. Utafiti uliofuata ulikadiria kwamba ushindani wa China uliigharimu Marekani kati ya ajira milioni 2 na milioni 2.4 kufikia mwaka 2011, pamoja na zile zilizokuwa zikitegemea viwanda hivyo.

Wapinzani wana majibu mawili yanayostahili kusikilizwa. La kwanza ni Ujerumani: nchi hiyo ina ziada kubwa ya biashara ya nje, inauzia China mitambo, na bado sehemu ya wafanyakazi wake walio viwandani imepungua kwa karibu nusu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi hata ukishinda mchezo wa biashara, viwanda huajiri watu wachache. La pili ni kwamba hata hizo milioni 2.4 hazielezi anguko lote. Yote mawili ni kweli, lakini hayamjibu mfumaji wa Kannapolis, kwa kuwa kupungua kwa miaka hamsini humpa kijana nafasi ya kuchagua njia nyingine, na kufungwa kwa siku moja hakumpi mtu wa miaka hamsini chochote. Tena, ile hoja kwamba thamani ya uzalishaji imeendelea kukua imetiliwa shaka na mwanauchumi Susan Houseman: ukiiondoa sekta ya kompyuta, ambako takwimu huhesabu kasi ya kifaa kuwa ongezeko la bidhaa, ukuaji wa viwanda vingine tangu mwaka 2000 huwa mdogo sana.

Tofauti hii kati ya chuma na mashuka inakuwa muhimu tunapofika kwenye dawa. Ushuru wa forodha ni dawa ya ugonjwa wa Kannapolis iliyocheleweshwa miaka ishirini, na sasa inanyweshwa mgonjwa wa Youngstown. George W. Bush aliweka ushuru wa chuma mwaka 2002 akauondoa Desemba 2003. Donald Trump akaweka asilimia 25 mwaka 2018, na mwaka 2025 akaupandisha hadi asilimia 50. Viwanda vya chuma vinanufaika, hilo halikataliki, lakini vinaajiri watu wachache kuliko viwanda vinavyokinunua chuma hicho kutengeneza magari, majokofu na mashine za kilimo. Aaron Flaaen na Justin Pierce, wachumi wa Benki Kuu ya Marekani, walipopima ushuru wa mwaka 2018 walikuta kwamba ajira za viwandani zilipungua, kwa sababu gharama ya malighafi na visasi vya nchi nyingine vilizidi faida ya ulinzi. Watetezi wa ushuru husema kuna bidhaa ambazo taifa kubwa haliwezi kuziachia wengine, vita vikizuka, na hoja hiyo ina uzito. Ila hiyo ni hoja ya usalama, na kumwambia mtu wa Ohio kwamba ni hoja ya ajira ni kumhadaa.

Ohio imekwisha kuhadaiwa vya kutosha. Mwaka 2017 Trump aliuambia mkutano wa Youngstown kwamba kazi zinarudi, watu wasiuze nyumba zao. Machi 2019 General Motors ikasimamisha kiwanda chake cha magari cha Lordstown, mwendo mfupi kutoka hapo, kilichokuwa kimefanya kazi tangu mwaka 1966. Miaka michache baadaye, karibu na majengo hayo, kikafunguliwa kiwanda kipya cha betri za magari ya umeme, ambacho kampuni hiyo ilishirikiana na LG ya Korea Kusini kukijenga. Kazi zilikuwa zimerudi kweli, kwa mshahara wa kuanzia wa dola 16.50 kwa saa, chini sana ya ule uliolipwa jirani. Desemba 2022 wafanyakazi wakapiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi wa magari, na mkataba wa hali bora wa mwaka 2024 ukapandisha kiwango hicho cha kuanzia hadi zaidi ya dola 26. Kiwanda, mashine na mnunuzi vilikuwa vile vile.